Mboga za Akiba na Haki Zilizomo Ndani Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, ateremshaye mvua kwa kipimo akijuacho Yeye, akatoa katika udongo mmoja mimea ya ladha mbali mbali. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baadu.

Enyi ndugu zetu Waislamu wa Unguja na Pemba, wa Tanga na Mombasa na Lamu, nanyi mliotoka huko mkafanya makazi huku bara: jambo tutakalolinena katika waraka huu yamkini baadhi yenu mtaliona dogo, mkasema, sheikh amekwisha elimu ya sala na saumu, sasa ameingia jikoni. Naam, ameingia. Na vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi vimeingia huko kabla yake, kwani vina mlango wa vyakula, na mlango wa najisi, na mlango wa nafaqa, yaani matumizi ampasayo mume kumpa mkewe. Na yote matatu yatatuhusu leo.

Nawaandikia kutoka Kasumulu, mji wa mpakani, karibu na mto Songwe utugawao na ndugu zetu wa Malawi, katika nchi ya Kyela, kichwani mwa Ziwa Nyasa. Nchi hii ni ya mpunga na migomba na michikichi, na mvua yake ni nyingi kupita kiasi. Machi na Aprili mito hufurika, Songwe na Kiwira na Mbaka na Lufilyo, na mtu hawezi kukausha hata kanzu yake, sembuse mboga. Kisha mvua hukatika, ukaingia ukavu tangu Juni hata Oktoba. (Ninyi wakati huo mko katika kipupwe na demani, msidhani nasema kiangazi cha kaskazi.)

Basi mwisho wa mvua mabustani ya nyuma ya nyumba hujaa. Majani ya kunde, majani ya maboga, mchicha, matembele, bamia, nyanya, biringani, vyote huja kwa wakati mmoja kama wageni wa arusi. Mtu hula mpaka akachoka. Hupeleka sokoni, akakuta kila mtu kapeleka zizo hizo, na bei imeanguka hata haifai nauli. Akarudi nazo, zikaozea uani, mwisho jalalani. Ikifika Oktoba, mtu huyo huyo hutoa fedha kununua fungu dogo la majani yaliyonyauka. Na asipokuwa na fedha watoto wake hula wali mtupu au ugali na chumvi. Mambo haya si ya Kasumulu peke yake. Mwenye shamba Pemba au Muheza ajitazame mwenyewe baada ya masika, ahesabu alichotupa.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat al-An'am tule katika matunda ya miti na mashamba, na tutoe haki yake siku ya kuvuna, kisha akaungamanisha amri hiyo na katazo la israfu. Na katika Surat al-Isra amewaita wenye kufuja mali kuwa ni ndugu wa mashetani. Sasa mwenye kulima, akamwagilia, akapalilia, akaacha tenga zima lioze ilhali aweza kulihifadhi kwa kazi ya siku mbili tatu, atajitoa vipi katika jina hilo? Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa tonge likituanguka tuliokote, tuliondoe uchafu, tulile, tusimwachie shetani. Tonge moja! Nasi twamwachia tenga.

Mtu mmoja katika watu wema wa mji huu aliniuliza baada ya sala ya Alasiri: "Maalim, kuweka mboga za miezi mitano mbele, je, si kupunguza tawakkul? Ndege hatii ghalani, na Mungu humruzuku." Swali hili nimelisikia mara nyingi, na aghalabu huulizwa na mtu aliyekwisha kula. Jawabu lake ni hili.

Nabii Yusuf (a.s.), alipoulizwa maana ya ndoto ya mfalme, hakuwaambia watu wa Misri wakae wakitawakali. Aliwaambia walime miaka saba, na watakachovuna wakiache katika masuke yake, ila kidogo cha kula. Tazameni vile alivyotaja hata namna ya kuhifadhi: punje ikikaa katika suke lake haipatwi upesi na unyevu wala wadudu. Basi elimu ya kuhifadhi chakula imetajwa ndani ya Qur'ani kwa ulimi wa nabii. Na imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuza tende za mitende ya Bani Nadhiri, na akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka mzima. Ni nani mwenye tawakkul kuliko yeye?

Ama hadithi aliyoipokea Tirmidhi kwa Anas, kwamba Mtume hakuwa akijiwekea kitu cha kesho, wanachuoni wetu wameipatanisha na hiyo ya kwanza: hakujiwekea nafsi yake, lakini aliwawekea wale aliokuwa na wajibu wa kuwalisha. Na akiba hiyo yenyewe haikudumu mwaka, kwani wahitaji walikuwa wakija nayo ikitoka. Hata alipofariki ngao yake ya chuma ya mwilini ilikuwa rehani kwa Myahudi kwa pishi thelathini za shayiri. Lishikeni neno hilo, tutalirudia. Na Bukhari amepokea tena kwa Ibn Abbas khabari ya watu wa Yemen waliokwenda Hija pasipo masurufu, wakisema, sisi ni wenye kutawakali. Walipofika Makka wakaomba watu. Ndipo ikateremka aya ya Surat al-Baqara ya kuamrisha kuchukua masurufu. Asiyeweka kitu akategemea kuomba kwa jirani, huyo amemtawakalia jirani.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe lililonifanya nishike kalamu. Waume wengi husema mboga ni khabari ya wanawake. Mume huleta mchele na unga, akaona amekwisha; kitoweo atajua mwanamke. Nasema: hili si neno la madhehebu yetu. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu tunachokisoma katika madrasa zetu zote za pwani, ametaja nafaqa ya mke kwa mudi: tajiri mudi mbili, maskini mudi moja, na wa kati mudi moja na nusu. Kisha hakuishia hapo. Amemwajibishia mume kitoweo pia, kilicho ghalibu katika mji ule, na akasema kwamba kitoweo hicho hubadilika kwa misimu. Amemwajibishia hata gharama ya kusaga na kuoka. Basi mume hadaiwi kitoweo cha Juni tu, mboga zinapojiotea zenyewe; adaiwa na cha Oktoba. Nafaqa ya mke hupita ikawa deni shingoni mwake asipoitimiza, na deni halifutwi kwa kusema mvua zimekatika.

Na likisha kuwa ni deni lako, kazi ya kulilipa haiwi ya mkeo kwa lazima. Akikusaidia ni ihsani yake, nawe una wajibu wa kushukuru. Wengine humtupia mke tenga tano za majani Jumamosi asubuhi, wakaenda barazani kucheza bao, jioni wakauliza mbona hazijakwisha. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akasema alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na sala ikifika hutoka. Kujenga chanja, kuteka maji, kukata kuni, kupanda juu ya paa kugeuza mboga: hayo ni ya mwanamume mwenye nguvu, wala hayampunguzii heshima.

Njia ya kuhifadhi si ngumu, na kila kaumu ina yake. Wasukuma hukata viazi vitamu vibichi wakavikausha wakaviita michembe, au huvichemsha kwanza yakawa matobolwa. Wagogo wa Dodoma hukausha majani ya mlenda wakayasaga yakawakalia ukame mzima. Jirani zetu ng'ambo ya Songwe wana mfutso, ndiyo majani yaliyochemshwa yakaanikwa. Wasudani hukausha bamia wakaisaga unga wa mchuzi, na watu wa Omani hukausha ndimu zikawa nyeusi, nanyi pwani mwazijua. Ni ajabu kwamba mtu wa pwani ajuaye ng'onda na papa wa chumvi tangu utotoni, akiona mchicha umezidi haoni la kufanya.

Majani yachumwe asubuhi umande ukishakauka, machanga yasiyo na madoa, yaoshwe kwa maji safi. Maji yachemke yenye chumvi kidogo, majani yatiwe humo dakika mbili au tatu tu, kisha yatolewe yatiwe katika maji baridi, yachujwe. Kuyachemsha hivi hulinda rangi na kupunguza kuharibika. Yatandazwe membamba juu ya chanja iliyoinuka, mahali penye upepo na kivuli, si katika jua kali, kwa kuwa jua kali huondoa rangi ya kijani na pamoja nayo hupoteza sehemu kubwa ya vitamini A, ambayo ndiyo faida ya macho ya watoto. Juu yake pafunikwe kitambaa chepesi kuzuia nzi na vumbi. Wala msitumie chandarua chenye dawa ya mbu. Yageuzwe mara kwa mara, na usiku yaingizwe ndani kwa ajili ya umande. Siku mbili au tatu yatakuwa makavu, ukiyafinya yavunjika kwa mlio. Hapo yaachwe yapoe, ndipo yatiwe katika vyombo vikavu vyenye vifuniko vya kubana, viwekwe gizani. Vyombo vidogo vingi ni bora kuliko kimoja kikubwa, maana kila ukifungua unyevu huingia. Msishangae tenga likirudi kuwa konzi chache: katika mchicha karibu sehemu 9 kwa 10 ni maji.

Bamia hukatwa vipande vya mviringo vikatungwa uzini. Nyanya hupasuliwa, zikanyunyiziwa chumvi, zikaanikwa juani hata zikawa kama ngozi. Embe mbichi na ndimu ni za achari, na hapa kuna mas'ala: katika madhehebu yetu, ulevi ukigeuka wenyewe ukawa siki ni tohara, lakini ukigeuzwa kwa kutiwa kitu ndani yake haupati tohara. Basi mwenye shaka na siki ya dukani asijitie taabuni. Maji ya ndimu na chumvi yatosha, na ukali unaozuka katika achari ya chumvi si ulevi. Ndizi zilizozidi, ambazo huku nyingi huishia katika pombe, zikimenywa zikakatwa nyembamba zikaanikwa, hukaa. Mwenye jokofu na umeme usiokatika ana njia yake. Mimi nasema na wengi.

Lakini liko jambo ambalo watu hulipuuza. Mara nyingi mboga huanikwa chini, juu ya udongo au kando ya barabara, na kuku na mbuzi wakipita juu yake. Katika madhehebu ya Imam Shafi kinyesi cha kila mnyama ni najisi, aliwaye na asiyeliwa. Mtu amepigana mwaka mzima na wasiwasi wa udhu wake, kisha ala majani yaliyokanyagwa na kuku! Chanja ya miti minne na matete haina gharama. Na yakipatwa na najisi yaondolewe najisi yenyewe na yaoshwe kwa maji yanayoyaenea, kabla ya kuliwa.

Kadhalika kuvu. Chakula kilichokauka nusu huota kuvu, na kuvu nyingine ni sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004 katika Ukambani, Kenya, walikufa watu 125 kwa mahindi yaliyoota kuvu. Na mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara walikufa watu 20 kwa sababu hiyo hiyo. Hayo yalikuwa mahindi, lakini unyevu ni unyevu. Mwenye kusema, nikitupa nitafanya israfu, akala au akalisha watoto, amekosea mlango: kula kinachodhuru ni haramu, na kukitupa ni wajibu. Israfu ilikuwa katika kukiweka kabla hakijakauka. Basi baada ya juma moja kila chombo kifunguliwe kitazamwe. Kikionekana kina jasho ndani ya kifuniko, mboga zirudi chanjani siku ile ile.

Ama haki ya wengine, hapa ndipo akiba inapotengana na uchoyo, na ndipo niliposema tutarudi.

Mwaka mmoja, wakati wa Idi ya kuchinja, waliingia Madina watu wa jangwani wenye njaa. Mtume (s.a.w.) akawaamrisha Waislamu wasiweke nyama zaidi ya siku tatu, na iliyobaki waitoe sadaka. Baadaye watu wakamwuliza, kwani walikuwa wamezoea kuyeyusha mafuta na kufanya viriba kwa ngozi. Akawabainishia kwamba aliwakataza kwa ajili ya wale maskini waliofika, na sasa wale, na wajiwekee, na watoe sadaka. Hadithi hii ameipokea Muslim kwa Bibi Aisha. Izingatieni vizuri. Nyama ni ile ile na mwenye nyama ni yule yule, kilichobadilika ni hali ya jirani. Jirani alipokuwa na njaa, akiba ya siku ya nne ilikuwa kosa. Njaa ilipoondoka, akiba ikawa halali. Mwenye kutaka kujua kama chanja yake ni ya halali, asitazame chanja, atazame moshi wa jiko la jirani kama unapanda.

Kwa hiyo sehemu ya kutoa itengwe siku ya kuchuma, zingali mbichi na nzuri, kabla hazijapanda chanjani. Wenye bustani waliotajwa katika Surat al-Qalam waliapa kuvuna alfajiri ili maskini asiwakute. Wakaamka, bustani imekwisha kuwa kama usiku mweusi. Wapo leo wanaoanika nyuma ya ukuta mrefu kwa nia ile ile. Na kumpa mtu majani yaliyobaki chini ya tenga, manjano, yaliyokwisha kuliwa na viwavi, si kutoa. Mwenyezi Mungu katika Surat al-Baqara ametukataza kukusudia kibaya tukakitoa sadaka hali wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho.

Watu huniuliza pia khabari ya zaka. Katika madhehebu yetu mboga hazina zaka, mbichi wala kavu, kwani zaka ya mimea ni katika kile kinachokuwa chakula kikuu nacho huwekeka. Mchele una zaka: nisabu yake ni wasaki 5 ukiwa safi, na mpunga uliowekwa na maganda yake ni wasaki 10, hutolewa sehemu ya kumi kwa uliooteshwa na mvua, na nusu yake kwa ulionyweshwa kwa gharama. Wakulima wa Kyela wasijifiche nyuma ya mchicha wakasahau mpunga. Na mwenye kununua mboga kavu kwa nia ya biashara, huyo ana zaka ya biashara, robo ya kumi ya thamani yake ukitimia mwaka na ikafika nisabu.

Na je, kuweka ili kuuza bei ikipanda ni ihtikari, ule ulanguzi ambao Mtume amesema haufanyi ila mkosefu? Wanachuoni wetu wamesema ihtikari ya haramu ni kununua chakula kikuu wakati wa ughali ukakizuia kipande zaidi. Aliyeweka mazao ya bustani yake mwenyewe, au aliyenunua wakati wa urahisi, hakuingia humo. Hata hivyo wamesema aliye na ziada ya kumtosha yeye na watu wake mwaka mmoja, bora aiuze. Na watu wakifikia dharura ya njaa, hulazimika kuitoa. Wafanyi biashara wa mpakani wanaoitazama bei ya upande huu na upande ule waisome mas'ala hii mara mbili.

Mvua mpya zikiingia na vyombo vingali na mabaki, mabaki hayo yatazamwe kwanza. Yaliyo mazima yatolewe wakati huo, kabla bustani mpya hazijaanza kuchumwa, kwa kuwa Novemba na Desemba ndiyo miezi ambayo asiye na kitu huwa hana kitu kabisa. Na mbegu nazo zisisahauliwe, kwani Nabii Yusuf aliwaambia watu wa Misri hata katika miaka ya shida wabakize kidogo cha kuhifadhi. Yaliyoota kuvu yafukiwe shimoni, wasipewe hata kuku. Wallahu aalamu.